Damu ya Sharubati Mgongoni kwa Baba Mkwe

Kuna zahanati moja huku kwetu Rungwe ambayo mimi sipiti mbele yake, mtoto akiumwa anapelekwa na baba yake, na ikibidi nipite basi nazunguka kwa nyuma kwenye migomba kama mwizi wa kuku, na siyo kwamba nimekosana na mtu pale, hapana, wale watu ni wema mno na hiyo ndiyo shida yenyewe, maana siku ile nilipoingizwa pale nimebebwa walinionyesha wema ambao mpaka leo nikiukumbuka nikiwa peke yangu jikoni najikuta nimefunika uso kwa mwiko. Acheni niwasimulie mimi mwenyewe, kwa sababu najua mmeshaisikia kwa wifi yangu Tusekile, na Tusekile akisimulia kitu lazima aongezee na ng'ombe ambaye hakuwepo.

Mimi ni Atupele, mwenye duka la steshenari pale Bagamoyo (Bagamoyo yetu ya Tukuyu, siyo ile ya pwani), natoa fotokopi, nauza madaftari, na ugonjwa wangu ni vitabu vya kutisha. Nasoma misukule, nasoma majini, nasoma nyumba zinazopumua, nasoma huku nakaanga samaki na samaki anaungua, na mume wangu Ambakisye, ambaye ni fundi seremala na mtu wa maneno machache, alishazoea kukuta mboga nyeusi na mke mwenye furaha. Tuna kundi letu kwenye simu la wapenda vitabu hivyo, na humo mimi ndiye profesa, mtu akikosea jina la maiti namsahihisha hapo hapo, na ikitoka filamu iliyotokana na kitabu ninachokijua naiangalia nikiwa na kitabu magotini, nahesabu makosa. Hakuna filamu iliyowahi kufaulu mtihani wangu. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nahesabu makosa!

Sasa kitabu nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha bibi harusi anayechinjwa kwenye shamba la chai, halafu kila ukungu ukishuka anarudi kuwatafuta mmoja mmoja wale wageni walioendelea kula pilau bila kumuulizia (jina silitaji, mwandishi wake aliniblok baada ya kumtumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja kuhusu sura ya tisa). Nimekisoma mara kumi na moja. Kwa hiyo mnaweza kufikiria hali yangu niliposikia kwamba wamekuja watu kutoka Dar wanakitengenezea filamu, na wanapigia picha hapa hapa kwetu, kwenye shamba moja la chai upande wa Kinyala, na wanatafuta watu wa kuwa maiti.

Nilifunga duka. Nilibandika karatasi mlangoni, "Nimepata dharura."

Nilipofika wakanipa kazi ya maiti anayetembea, kazi nzuri kabisa, unatokea kwenye ukungu unamfuata shujaa, lakini mwongozaji (kijana mmoja amevaa makoti mawili na bado anatetemeka kwa baridi yetu) akaanza kumvalisha bibi harusi gauni jekundu, na mimi ningewezaje kunyamaza? Nikamwambia samahani mwongozaji, kwenye kitabu gauni ni jeupe, ukurasa wa sitini na mbili. Akasema asante mama. Baada ya muda nikamwambia samahani mwongozaji, huyu shujaa kwenye kitabu ana kigugumizi. Akasema asante mama. Mara ya tano hakusema asante. Alisema, "Mama, sasa wewe utakuwa maiti wa kulala. Lala pale, na maiti haongei."

Basi nikalala. Lakini kabla ya kulala nilipambwa, na hapo lazima niseme ukweli, yule dada mpambaji alikuwa na mikono ya ajabu, alinibandika kidonda shingoni kutoka sikio hadi sikio, ngozi ya bandia imefunguka, ndani nyama nyekundu imelowana, halafu akamwagia damu aliyoitengeneza kwa sharubati nzito na rangi ya keki, ikashuka mpaka kifuani, na uso akaupaka weupe fulani kama wa unga wa muhogo. Nilijiangalia kwenye kioo nikasisimka mwili mzima kwa furaha. Yaani nilikuwa mzuri!

Saa nane mchana mvua ikaanza, kazi ikasimamishwa, yule dada akaniita, "Dada Atupele, njoo nikutoe, hiyo gundi ina mafuta yake maalumu." Na mimi nikasema neno ambalo ningeweza kulirudisha ningelirudisha hata kwa magoti. Nikasema, "Usijali, nitajitoa nyumbani."

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu ya Tusekile. Wifi yangu huyu, dada yake Ambakisye, anakaa hapo hapo Kinyala kwa baba yao, mwendo wa dakika ishirini kutoka pale shambani, na kwa miaka yote ya urafiki wetu wa kutaniana hajawahi kusoma kitabu hata kimoja, yeye ni mtu wa luninga tu, na siku moja mbele ya wageni aliniuliza, "Wifi, hivi kitabu kinakutishaje wakati herufi hazisogei?" watu wakacheka mpaka wakamwaga chai. Niliapa siku moja nitamfanya apige kelele. Nikaona siku yenyewe ndiyo hii, nitatokea mlangoni kwake nimechinjwa, atapiga kelele, nitakuwa nimeshinda, tutakunywa chai.

Hapa sasa lazima niwaeleze jambo moja la kwetu. Sisi Wanyakyusa, kwa wale wazee wanaoshika mambo ya zamani, baba mkwe na mkamwana hawaonani uso. Hamtazamani, hamsemeshani, mkikutana njiani wewe mwanamke unatoka njiani unajificha mpaka apite. Vijana wengi wameiacha desturi hii, lakini baba mkwe wangu ni mzee wa sabini na kitu na hajaiacha, na mimi kwa kumheshimu nikaishika, miaka tisa ya ndoa sijawahi kumwambia hata neno moja. Na siyo kwamba hatupendani! Parachichi za kwanza za msimu lazima anitumie, na anapotembea hukohoa kabla ya kila kona, ili kama niko mbele nipate muda wa kupotea. Huo ndio upendo wake kwangu, kikohozi.

Nilikuwa nimepiga hesabu. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi mchana huwa yuko kwenye mkutano wa ushirika wao wa maziwa, njia ni salama. Kumbe mvua iliahirisha na mkutano.

Basi naenda zangu kwenye kijia kati ya chai, nimejifunika kitenge kichwani mpaka kidevuni, nacheka peke yangu nikifikiria uso wa Tusekile, mara mbele kwenye kona nasikia, "Kho! Kho!"

Jamani, miaka tisa ya mazoezi. Mwili uliondoka wenyewe. Niliruka pembeni kabla akili haijasema chochote, udongo umelowa, mguu ukateleza, kitenge kikanasa kwenye mti wa chai kikabaki kinaning'inia na madoa yake mekundu, na mimi nikaenda chali mpaka chini ya mtaro, shingo wazi, kidonda kinaangalia mbinguni.

Nikasikia nyayo zikisimama. Bila shaka alikiona kile kitenge.

"Nani huyo?"

Sikujibu. Nitajibuje? Desturi hairuhusu.

Akauliza tena kwa Kinyakyusa, sauti imepanda, kisha nikamsikia anasogea ukingoni. Nikafumba macho (na hapa mniache kidogo, maana akilini mwangu wakati ule niliona nimefanya jambo la busara sana, kwamba mimi nikifumba macho basi hatujaonana).

Nadhani alinijua kwa kile kitenge, maana kwa miaka tisa ndicho alichokuwa akikiona kikipotea kwenye kona. Halafu nikasikia mzigo wa majani ya ng'ombe unatupwa chini na sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanaume mzima.

"Nkamwana wangu! Wamenchinja nkamwana wangu!"

Akaruka mtaroni. Mzee wa sabini na kitu, kwenye mvua. Akaweka kiganja puani kwangu, akasema "anapumua, anapumua," akavua koti lake akanizungushia shingoni, na kabla sijapanga la kufanya nikajikuta niko mgongoni kwake kama mtoto mchanga, anapanda mtaro kwa magoti na mkono mmoja. Nataka mjue kwamba mimi siyo mwepesi.

Sasa mtaniuliza, Atupele, ulikuwa na mdomo, kwa nini hukusema? Nilijiuliza hivyo hivyo pale pale mgongoni. Maneno matatu tu yalihitajika, "ni rangi, baba." Lakini fikirieni, miaka tisa sijamsemesha mtu huyu, ndiyo neno la kwanza nimwambie ni rangi? Nikasema nitasema akinitua. Akakimbia hatua kumi, nikaona sasa imekuwa aibu zaidi kuliko hatua ya kwanza. Akakimbia hatua hamsini, analia, nasikia mgongo wake unatetemeka kwa kilio, anamwita Mungu kwa Kinyakyusa, "Kyala, Kyala," nikaona sasa haisemeki tena. Kila hatua aliyopiga ilikuwa inapandisha thamani ya yale maneno matatu mpaka nikashindwa kuyafikia.

Akafika kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Wachumaji walikuwa wamejaa wanasubiri zamu, vikapu mgongoni, na walipotuona hawakukimbia. Mimi nilitegemea watakimbia! Kwenye vitabu vyangu vyote watu wakiona damu wanakimbia huku wanapiga kelele. Hawa walitupa vikapu, majani ya siku nzima yakamwagika kwenye tope, wanaume wakanipokea, mama mmoja mwenye mikono kama chuma akasema kwa lafudhi ya nyumbani, "Siba hapo, siba damu isitoke!" akafungua kilemba chake mwenyewe akanikaza nacho shingo mpaka nikaona nyota, kwa mara ya kwanza siku hiyo nikawa kweli nakaribia kufa. Na sharubati ile, sijui niseme nini, ilikuwa imewaita sisimizi tangu kule mtaroni, walikuwa wanapandana kwenye titi na kwapani wanaelekea shingoni, na maiti niliyefundishwa kulala asubuhi ile sikutikisika.

"Ona jamani, mpaka sisimizi wameshaanza," akasema mtu, na wanawake wakaangua kilio.

Ikaitwa pikipiki. Dereva mbele, mimi katikati, baba mkwe nyuma amenikumbatia, kidevu chake begani kwangu, na njia nzima ananiambia sikioni, yeye ambaye hajawahi kuniambia hata habari za asubuhi, "Vumilia mwanangu, usilale, fikiria watoto." Machozi yakanitoka hapo. Ya kweli. Akayaona akapiga kelele kwa dereva, "Analia! Yuko hai! Kimbisa!"

Zahanati ilikuwa imejaa akina mama na watoto. Kulikuwa na mwanamke mmoja mlangoni kabisa, zamu yake imefika, mtoto wake anachemka kwa homa, macho yamegeuka, namwona kwa upenyo wa kope zangu. Akasimama akasema, "Mpitisheni huyu kwanza." Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipotakiwa kusema hata kama ningekuwa nimeolewa kwa mfalme. Sikusema. Mambo mengine yote ya siku ile huwa nacheka nikiyasimulia. Hilo sicheki.

Nikalazwa kitandani. Nesi, mama mtu mzima mwenye miwani, akafungua kilemba, akafungua koti, akachovya pamba kwenye dawa, akafuta mara moja. Akasimama. Akaileta ile pamba puani. Akanusa.

"Hii damu inanukia pipi," akasema.

Akachukua koleo ndogo, akashika ukingo wa kidonda karibu na sikio, akavuta taratibu, na kidonda changu kizuri kilichochukua saa mbili kikabanduka chote kizima kama ganda la parachichi iliyoiva, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, chini yake shingo yangu ya kawaida kabisa, na sisimizi wanne.

Baba mkwe alikuwa mlangoni, kofia mkononi, magoti yametapakaa tope. "Nesi, atapona?"

"Mzee," akasema yule nesi, "huyu haumwi."

Nikafumbua macho. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumtazama usoni baba wa mume wangu. Na yeye akanitazama, sijui sekunde mbili, tatu, halafu ni kama akakumbuka yeye ni nani na mimi ni nani, akageuka akatazama ukuta. Akaanza kuzungumza na ukuta, na nesi katikati yetu, hatua mbili kila upande.

"Nesi, muulize kama kweli hasikii maumivu."

Nesi akaniangalia. "Anauliza kama husikii maumivu."

"Mwambie sisikii."

"Anasema hasikii."

"Muulize ni nani amemfanya vile."

"Mwambie ni filamu," nikasema, sauti imekauka. "Mwambie wanatengeneza filamu ya kitabu, mimi nilikuwa maiti."

Nesi akavua miwani. "Mzee, anasema alikuwa maiti wa filamu."

Mzee akausogelea ukuta. "Muulize, wakati nambeba, alikuwa anasikia?"

Nesi hakuuliza hilo. Alinitazama tu, na mimi nikatazama sisimizi. Baba mkwe akavaa kofia yake akasema asante nesi, akatoka, na nikamwona anashika mlango ili aweze kunyooka.

Nje sasa! Nje kulikuwa na wachumaji chai waliokuja kwa miguu, vijana wawili wameshakunja mikono ya mashati kutoa damu, kwaya ya kina mama imeshaanza pambio, na Ambakisye amefika na randa bado mkononi, na shangazi yangu kutoka Lupepo, ambako habari ilifika kwamba nimeshakufa, anateremka kwenye gari la kukodi na mikungu miwili ya ndizi ya kupikia waombolezaji. Nesi akatoka mlangoni na kidonda kwenye sahani ya chuma, akawaeleza kwa maneno machache. Pambio likakatika katikati ya neno. Shangazi akaniangalia shingo, akageuka akamwambia dereva, "Rudisha ndizi ndani."

Yule mama aliyenifunga kilemba akaja akakichukua, kimeharibika kwa rangi, akakikunja, akasema, "Tunashukuru Mungu u mzima," na akaondoka. Angenitukana ningelala usingizi usiku ule. Na mwanamke mwenye mtoto alishaingia ndani, na nawaambieni mtoto alipona, nilifuatilia kila siku kwa wiki nzima kupitia kwa watu, mwenyewe sikuthubutu.

Tusekile alikuwa amekaa kwenye ngazi. Nilijua atacheka. Hakucheka.

"Wifi," akasema, "unajua baba alikuwa na mdogo wake?"

Sikujua.

"Alijikata na panga akisafisha shamba, vijana bado wote wawili. Alitembea na damu zake kwenye barabara ile ile uliyopita leo, watu wakaogopa kumgusa, wakadhani ni ugomvi, watahojiwa polisi. Baba alipofika alimkuta ameshafia darajani. Ndiyo maana hakuuliza mara tatu."

Nikakaa kwenye ngazi karibu naye. Mimi, profesa wa kutisha.

Baba mkwe aliumia mgongo, akalala kitandani wiki tatu. Ukoo ulikaa, nikaombewa msamaha na Ambakisye, nikaenda mwenyewe kituo cha kupimia nikasimama mbele ya wachumaji wote nikasema nilichofanya, nikachuma chai siku mbili nao kufidia yale majani yaliyomwagika, na vidole vyangu vya fotokopi vikawapa sababu nzuri ya kucheka, jambo nililoona ni haki yao. Na kila siku jioni nilipika mbalaga ya ndizi na maziwa nikaipeleka Kinyala, naiweka mlangoni, Tusekile anaiingiza ndani.

Siku ya nane Tusekile akatoka na sahani tupu akasema, "Baba anauliza hicho kitabu kilichokupeleka mtaroni kina nini. Anataka umsomee."

"Nimsomee vipi?"

"Ukae hapa nje chini ya dirisha. Yeye yuko ndani, hamuonani."

Basi nikasoma. Niliketi kwenye kigoda nje, mgongo ukutani, nikasoma sura ya kwanza, ya pili, na nilisoma kwa sauti zote, sauti ya bibi harusi, sauti ya upepo, mpaka kuku wakasogea mbali. Tulipofika pale anapochinjwa, ukurasa wa arobaini, maneno yale ambayo yalikuwa yananisimamisha nywele mara zote kumi na moja, nikajisikia nayasoma haraka haraka ili yaishe. Nikasubiri. Nikasikia kikohozi kidogo, halafu sauti yake, anamwambia Tusekile lakini kwa nguvu ya kunifikia mimi.

"Mwambie huyo aliyeandika hajawahi kubeba mtu. Mtu akivuja damu hasemi maneno mengi hivyo."

Nikaweka kidole kwenye mstari ule. Kisha akasema, "Mwambie aendelee."

Nikaendelea sura baada ya sura mpaka pale maiti zote zinapotoka kwenye ukungu kwa pamoja, sehemu ya kutisha kuliko zote katika lugha ya Kiswahili kwa maoni yangu, nikaisoma kwa mnong'ono, polepole, nikafunga kitabu nikasubiri. Ndani hakuna sauti. Nikaona nimemtisha mzee mgonjwa, nikamwita Tusekile achungulie.

Akachungulia. Akanirudia ameuma kitenge asicheke.

"Amelala, wifi. Anakoroma tangu maiti ya pili."

Filamu ilitoka baadaye, gauni jekundu, shujaa hana kigugumizi, na mimi nimekatwa, kunaonekana mguu wangu mmoja tu. Makosa sikuhesabu. Vitabu sijaviacha, nisiwadanganye, hata leo samaki ameungua. Lakini nimejiwekea sheria mbili na ninazishika kuliko amri za kanisani: nikipakwa rangi ya aina yoyote naitoa pale pale niliposimama, na mtu yeyote akiuliza "nani huyo?" hata awe baba mkwe, hata niwe chini ya mtaro na ulimi unagoma, nitajibu kabla hajamaliza kuuliza kwamba ni mimi, Atupele, na sina hata mkwaruzo.